Mjadala: Arusi kubwa chini ya Nyiragongo, ni haki yetu au ni kufumba macho?

Mama wa Kituku (Goma)

Ndugu zangu, naleta hapa neno lililotugawa nyumbani, na najua si kwetu peke yetu.

Binti yangu anaolewa Agosti. Kamati imeshakaa mara mbili, michango inaingia, ukumbi tumeupata. Wiki iliyopita kaka yangu aliyeko Montreal alinipigia simu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza habari za nguo na vyakula, halafu akasema: "Dada, mnacheza juu ya bomu. Hizo dola elfu tatu nunueni parsele, yaani kiwanja, Kisangani, mhame." Hakunigombeza. Sauti ilikuwa inamtetemeka.

Tangu siku hiyo, nikitandaza sambaza, vile visamaki vya ziwani, juani pale Kituku, maneno yale yananirudia, maana hakusema uongo. Kwa asiyeujua mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo: kaskazini tuna Nyiragongo, mlima wa volkano. Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa kileleni lilipasua ubavu wa mlima, likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 moto ukaingia mjini wenyewe, ukapita katikati, ukala kanisa kuu la Saint Joseph na kipande cha uwanja wa ndege, ukaenda kuzimikia ziwani. Watu kama 120,000 walikosa pa kulala. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena, ukasimama karibu na uwanja wa ndege, na watu wapatao 30 wakafa. Kusini tuna Ziwa Kivu, na chini yake imelala gesi, ya kukata pumzi na ya kuwaka. Vita sitavieleza hapa. Waasi wa M23 walipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025 dunia nzima ilisikia.

Basi nauliza: mtu anayeishi mahali kama hapa ana haki ya kufanya arusi ya watu mia tatu, kujenga nyumba ya ghorofa, kupanda maua uani? Au anajidanganya na kuwadanganya watoto?

Mimi nina msimamo wangu, nausema wazi. Ile Jumamosi ya 22 Mei 2021 nilikuwa arusini, mtaa wa Majengo. Sahani za kwanza zilikuwa zimeshatoka. Mtoto mmoja akaingia kutoka nje akasema mbingu inaungua. Tukadhani ni nyumba ya jirani. Muziki ukazimwa, tukatoka, tukakuta upande wote wa kaskazini ni mwekundu. Hakuna onyo lililotutangulia.

Katibu wa kamati alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na mkononi alikuwa na daftari la michango, lile la majina na kiasi alichotoa kila mtu. Akapanda kwenye lori lililoleta viti, akaanza kusoma majina yale moja moja kwa mwanga wa simu. "Mama fulani?" "Niko!" "Papa fulani?" Kimya. Vijana wawili wakarudi ndani, wakamkuta mzee nyuma ya jikoni, hasikii vizuri, bado anakula. Viti vikamwagwa barabarani, wakapandishwa wazee na wenye watoto mgongoni. Sisi wengine tulikwenda kwa miguu mpaka Petite Barrière, kivuko cha mpakani kwenda Rwanda, bibi arusi kavua viatu, kakunja gauni kiunoni. Usiku ule tulilala watu arobaini uani kwa shangazi ya bwana arusi huko Gisenyi, tukala wali wa arusi uliobebwa na sufuria zake. Katika daftari lile hakukosekana hata mtu mmoja.

Jirani yangu, ambaye ukuta wetu ni mmoja, hakuwa na mazoea ya kwenda kwa watu. Watoto wake wawili alikuja kuwaona siku ya nne, wameokotwa kwenye njia ya Sake.

Kwa hiyo mimi nasema sherehe zetu si kusahau hatari. Ndipo tunapojuana nani ni nani, na nani anaishi wapi. Nisahihisheni.

Kaka wa Montreal

Dada, umelileta hadharani, nami nijibu hadharani, kwa heshima zote.

Usiku ule wa Mei hukunieleza habari za daftari. Mimi nilikuwa jikoni kwangu na simu mbili. Nilipiga namba yako mpaka kidole kikafa ganzi. Siku mbili sikujua kama uko hai. Mke wangu alinikuta nimeketi sakafuni na picha ya mama. Wewe ulikula wali kwa shangazi wa watu, na namshukuru Mungu kwa ajili hiyo. Ila daftari lile liliwatosha kwa sababu moto ulisimama. Ungeendelea kilomita chache tu, lori lile lingefika wapi? Na siku tano baadaye, 27 Mei, serikali ilipoamuru mitaa 10 ihame kwa hofu kwamba moto uko chini ya mji na chini ya ziwa, mlikimbia tena na magodoro kichwani.

Sikatai furaha. Nilicheza arusi ngapi Goma kabla sijaondoka? Ninachosema ni kwamba dola elfu tatu ni mlango wa kutokea, nanyi mnaugeuza kuwa siku moja. Mpwa wangu ataolewa vilevile mbele ya padri na watu ishirini.

Mwalimu wa Jiografia (Bukavu)

Naomba tutenganishe mambo, kwa sababu neno "bomu" linatisha lakini halifundishi.

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485. Gesi yake, kilomita za ujazo kama 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani, imeyeyuka katika maji ya chini. Maji hayo ni mazito kwa chumvi, na maji ya juu yanayakandamiza, hayapandi hovyo. Ili yapande inahitajika nguvu kubwa sana, mfano moto kupasukia sakafuni mwa ziwa. Mwaka 2002 lava iliingia ziwani mbele ya macho yetu, wataalamu wakapima, wakakuta tabaka zenye gesi nyingi hazikutikisika. Sisemi tulale usingizi. Agosti 1986 Ziwa Nyos huko Kameruni liliua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja, na Nyos ni kidimbwi mbele ya Kivu. Lakini kuna kazi ya kufanya na inafanyika: upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt ulioko Karongi unavuta methani kutoka chini na tangu 2016 unatoa umeme wa megawati 26.

Mlima ni habari nyingine. Mlima hauna subira kama ziwa, na mwaka 2021 tuliona unavyoweza kuja bila kubisha hodi. Kwa hiyo swali langu kwa Mama wa Kituku: watu mia tatu watakaokuja ukumbini wanajua maana ya rangi za onyo za OVG, kituo kinachochunguza volkano hapo Goma? Kijani, manjano, chungwa, nyekundu. Tumekaa kwenye manjano miaka mingi mpaka manjano imekuwa kama rangi ya ukuta. Hofu isiyojua inaogopa nini inachosha bure, na furaha isiyojua inasimama wapi nayo ina kasoro yake.

Fundi wa Mugunga

Mwalimu, umesahau mazuku. Kila mtu anazungumzia mlima na ziwa, mambo makubwa yanayokuja mara moja kwa miaka ishirini. Sisi wa Mugunga tunauawa kidogo kidogo na hakuna anayeweka matanga makubwa.

Kwa walio mbali: mazuku ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutulia mashimoni na mabondeni. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo mtu mzima akisimama kichwa chake kiko juu yake, haoni kitu. Mtoto akiinama, amekwisha. Asubuhi kabla ya upepo ndiyo saa yake mbaya.

Nyuma ya nyumba ya dada yangu kuna shimo lililotolewa mawe ya kujengea. Tuliokota kuku humo, tukaokota mbuzi, tukasema "ni mazuku" kama mtu anavyosema "ni mvua." Mwana wa dada yangu alifuata mpira humo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alikuwa na miaka sita. Nilimtoa mimi, nimefunga pumzi, na mpira ulikuwa bado chini ya mkono wake.

Mwezi uleule kikundi cha mtaa wetu kilichanga kwa ajili ya feti, sherehe ya kufunga mwaka. Kilipata. Mimi niliomba tuchange mbao tano na rangi nyekundu za kuweka kwenye mashimo. Hatukufikisha nusu. Mama, nakuheshimu kama mama yangu mzazi, na hadithi ya daftari imenigusa. Lakini usiniambie kwamba anayecheza vizuri ndiye anayejilinda vizuri. Nimeona watu wakicheza hatua thelathini kutoka kwenye shimo lile.

Binti Jangwani (Dar es Salaam)

Poleni sana, Fundi. Mungu amrehemu mtoto.

Mimi si wa huko, ila suala la kuhama nalijua. Tuliishi Jangwani, bondeni kabisa mwa Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yalitutoa juu ya paa, na serikali ikatugawia viwanja Mabwepande. Kila mtu alituambia tuna bahati, kiwanja bure, juu, pakavu. Ni kweli, maji hayakutufuata. Lakini mama alikuwa fundi cherehani, wateja wake wote walikuwa Kariakoo na Magomeni. Kule alikaa na cherehani yake barazani miezi mitatu bila mtu wa kumshonea. Hakuna harusi, hakuna kitchen party, hakuna msiba tulioalikwa, maana hatukujuana. Baba alirudi mjini kutafuta riziki, akawa anakuja Jumapili, kisha haji.

Sisemi msihame. Mimi leo nina watoto na singewalaza Jangwani hata usiku mmoja. Ila kaka wa Montreal asihesabu parsele peke yake, ahesabu na watu. Ukimhamisha dada yako Kisangani bila jirani hata mmoja, umemtoa kwenye moto ukamweka kwenye upweke, na huo nao unaua, mimi niliuona kwa mama.

Mzee wa Birere

Nimejenga mara tatu. Nyumba ya sasa imesimama juu ya lava ya 2002, na kuta zake ni mawe ya lava hiyohiyo, tumeyapasua kwa nyundo mimi na wanangu. Chini ya sebule kuna ile nyumba ya zamani mpaka madirishani. Kila asubuhi nanyunyizia waridi za mke wangu zilizoota kwenye udongo mweusi, na hapana udongo unaolisha kama huo. Mkiniambia nisizinyunyizie kwa sababu mlima uko pale, nitawauliza nifanye nini saa hiyo badala yake.

Kaka wa Montreal

Mzee, shikamoo. Sina jibu la waridi.

Binti Jangwani, umenigusa. Nakubali, parsele si maisha. Lakini Fundi ameeleza ninachoogopa kuliko moto wenyewe, kule kuzoea. Nikiwa mdogo tulikuwa tunasema mlima umewasha taa, tukitazama mawingu mekundu usiku. Tuliona ni uzuri, na ulikuwa uzuri kweli. Nashindwa kujua kama ule ulikuwa ujasiri au tulikuwa tumeacha kuona.

Mama wa Kituku (Goma)

Nimesoma yote. Nimesoma ya Fundi mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na binti yangu, na yeye ndiye aliyesema la kwanza: "Mama, ile gauni ya pili siitaki."

Fundi, mwanangu, una haki nami nilikosea. Nilisema sherehe ndipo tunapojuana, nikaishia hapo. Kujuana hakukumwekea mtoto wa dada yako ile mbao. Ninyi mlijuana vizuri tu, na pesa ilipatikana, haikwenda panapotakiwa. Gauni ya pili na vinywaji tulivyopunguza vimetoa dola 180. Mbao si tano, zitatosha kumi, na mafundi wako kwenye kamati. Niambie mashimo yako wapi, tuje na rangi kabla ya arusi, si baada.

Mwalimu, kadi za mwaliko zimeshachapwa, ila kwenye programu ya siku ile tutaweka zile rangi nne nyuma, kila moja na maana yake na njia ya kufuata. Padri amekubali kuisoma baada ya matangazo. Bwana arusi aliona aibu kidogo, akasema watu watasema tunaleta mkosi. Baba yake akamjibu kwamba mkosi ulimkuta yeye 2002 hana hata njia kichwani.

Lakini kaka yangu, kuhusu watu ishirini mbele ya padri, hapana. Hapo sitakufuata. Watu mia tatu wanakuja. Nimekuwa nikikimbia na kurudi katika mji huu maisha yangu yote. Nilikimbia moto, nikakimbia bunduki, na kila niliporudi kitu cha kwanza nilichotafuta ni sauti za watu ninaowajua. Sina mji mwingine wa watu ninaowajua. Kisangani nitaifikiria, nakuahidi, tena kwa kalamu na karatasi. Agosti namwoza mtoto wangu.

Daftari nimelinunua jana, lenye jalada gumu. Safu ya kwanza jina, ya pili mchango, ya tatu mtaa anaoishi, ya nne nani anambeba nani. Bibi yetu amepewa vijana wawili wa upande wa bwana arusi. Wewe uko namba 14, mchango bado. Kazi yako imeandikwa: kila atakayefika salama anakutumia ujumbe wewe, kwa sababu siku ile ya 2021 sisi kwa sisi tulikuwa hatupatikani na kila mtu alikuwa anampigia mwenzake bure. Wewe ndiye utakayekuwa na orodha.

Kaka wa Montreal

Nimeiona, dada. Namba ni ileile, simu yangu haizimwi usiku wala mchana. Mchango natuma Ijumaa, na dola mia nyingine ni za mbao za Mugunga, Fundi anitumie namba yake.

Ya Kisangani tutaongea baada ya arusi, sijarudi nyuma. Mwambie binti anitumie picha ya kitambaa mlichochagua, na mita ngapi kwa shati la mikono mirefu. Huku nitamtafuta mshonaji.