Majina ya vigeu hayalingani kwenye mafaili ya DHS, mnapangaje?

mchambuzi_dom:
Wakuu, habari za kazi. Naunganisha data za DHS (utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya) za Tanzania, 2015-16 na 2022, kwa pandas (maktaba ya Python ya kuchambua majedwali). Umri kwenye faili la wanawake (IR) ni v012, la wanaume (MR) ni mv012, la wanakaya (PR) ni hv105. Nikipiga concat (kuyapanga mafaili pamoja) natoka na safu tatu za umri zilizojaa NaN (nafasi tupu). Mnabadilisha majina kila mnapofungua faili, au kuna utaratibu?

safu_na_mlalo:
Usibadilishe majina ndani ya skripti za uchambuzi, utapotea. Weka CSV moja pembeni, majina.csv:

jina_letu,faili,mwaka,jina_asili
umri,IR,2022,v012
umri,MR,2022,mv012
umri,PR,2022,hv105

Kila faili lipite kwenye funksheni moja inayosoma hiyo CSV kama ramani ya jina_asili kwenda jina_letu, na ndani yake uandike rename(columns=ramani, errors="raise"). Usiache hicho kipande cha mwisho. Bila hicho, pandas isipoliona jina hunyamaza tu: ramani ikisema V012 na faili lina v012, hakuna kinachobadilika na hakuna onyo. Kisha assert df.columns.is_unique. Majina mawili ya asili yakiangukia jina moja, df["umri"] inakupa DataFrame (jedwali) badala ya Series (safu moja), na kosa litalipuka mistari 200 mbele.

bi_takwimu:
Sawa, ila jina likilingana bado maana yaweza kutofautiana. v024 ni mkoa awamu zote mbili, lakini 2015-16 ina mikoa 30 na 2022 ina 31, maana Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mbeya ya kwanza si Mbeya ya pili. Tengeneza kigeu kipya, mkoa_wa_zamani, kinachorudisha Songwe ndani ya Mbeya, na mkoa wenyewe uuache ulivyo. Soma faili kwa convert_categoricals=False ili ufanye kazi na misimbo; majina ya lebo hubadilika tahajia kati ya awamu.

Uzito nao: v005, mv005 na hv005 zote hugawanywa kwa 1,000,000, lakini usiziite zote "uzito". Ni uzito wa sampuli tofauti. Ziite uzito_ke, uzito_me, uzito_kaya.

mchambuzi_dom:
Asanteni sana. Na IR kwenda PR naunganisha kwa funguo zipi?

safu_na_mlalo:
v001 na hv001 (klasta, yaani eneo la sampuli), v002 na hv002 (kaya), v003 na hvidx. Wengi huteleza hapo mwisho wakaweka hv003 kwa kuwa namba zinafanana. hv003 ni namba ya mtu aliyejibu dodoso la kaya, hivyo inajirudia kwa wanakaya wote. Weka validate="one_to_one" kwenye merge; ukikosea ufunguo huo itagoma palepale.