Mbeya kwenda Dar Desemba na mama mzee na mtoto: ni kweli simu inanipandishia nauli ya ndege?

Fundi wa Mwanjelwa

Habari za jioni wadau. Wakubwa zangu shikamooni.

Mdogo wangu anaolewa Mbagala, Jumamosi ya tarehe 20 Desemba. Mimi ni fundi cherehani, kibanda kiko Mwanjelwa, nakaa Uyole. Sare za upande wetu nimeshona mimi, magauni 6 ya kitenge, kwa hiyo nisipofika watu watacheza uchi. Naenda na mama yangu, ana miaka 67 na goti la kulia halikunjiki vizuri, na mwanangu wa mwisho ambaye bado ananyonya. Huyu anatimiza miaka 2 tarehe 3 Januari. Hela niliyonayo ya nauli kwenda na kurudi ni 600,000, na hiyo nimevunja kibubu.

Siku zote tunapanda basi. Ila safari iliyopita lori lilikwama Kitonga, tukakaa pale saa tatu nzima, na mama aliposhuka stendi ya Mbezi, Dar, miguu ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Kesho yake hakuamka kitandani. Ndiyo maana nikasema hebu nichungulie ndege, japo baba watoto anasema ndege ni za wabunge.

Jumapili usiku nikaangalia ndege ya Songwe, uwanja wetu wa Mbeya, kwenda Dar ya Jumatano tarehe 17, mtu mmoja: 168,000. Nikadhani nimesoma vibaya. Jumatatu nikarudi, nikajaza watu wazima wawili na mtoto, ikaja 214,000 kwa kila mkubwa! Nimefunga, nimefungua, nimeazima simu ya jirani, bado ni ile ile. Shoga yangu anasema simu ikishajua una shida inapandisha bei. Kweli?

La pili, kuna kijana kwenye kundi letu la vikoba anasema ana tiketi za ofa, 120,000 kila mtu, nimrushie kwenye namba yake kabla ya Ijumaa. Nimrushie?

Mizigo: mchele wa Kyela kilo 50, mkungu wa ndizi, ndoo ya maparachichi. Ukweni huwezi kwenda mikono mitupu.

---

Kijana wa Mafinga

Dada, huyo wa ofa mwache na ofa yake.

Mimi ningekwambia treni ya TAZARA. Mama anapata kitanda, anajinyoosha, choo kipo, na asubuhi mnaweza kuona tembo dirishani. Mkishindwa hilo, pandeni basi mpaka Msamvu pale Morogoro, shukeni, mchukue ile treni ya umeme, SGR, hadi Dar. Ilipoanza 2024 nauli ya kawaida ilikuwa 13,000, na saa mbili haziishi uko mjini katikati. Foleni ya Chalinze mpaka Mbezi unaisikia kwa wenzako.

---

Mama Njombe

Mwanangu, namba ya mtu binafsi usitume hata mia. Mimi nililizwa na mtu wa namna hiyo hiyo. Alinitumia tiketi nzuri kabisa kwenye simu, ina nembo, ina jina langu, ina saa ya kuondoka. Nikaisomea kanisani nikishukuru. Kufika uwanjani, yule binti wa kaunta anatafuta jina, halipo. Anatafuta tena, halipo. 310,000 zilikwenda, na mimi na begi langu nikageuza kwenda kutafuta basi.

Siku hizi nimejifunza kitu kimoja. Tiketi ya kweli ina kumbukumbu ya herufi na tarakimu sita. Unaingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe, sehemu ya kuangalia safari yako, unaandika hiyo kumbukumbu na jina lako la ukoo. Kama safari haitokei, hujanunua kitu. Mwambie huyo kijana akupe hizo herufi sita kwanza, uone atakavyoanza kuwa na shughuli nyingi.

---

Mnyalukolo wa Ipogolo

Kamwene dada. Nimekata tiketi miaka 9 kwenye ofisi ya wakala hapo hapo Mbeya mjini kabla sijarudi Iringa kufuga kuku, kwa hiyo nivumilie nitaandika sana.

Simu yako haikujui. Kilichotokea ni hiki. Viti vya ndege moja haviuzwi bei moja. Vimegawanywa mafungu, fungu la rahisi lina viti vichache, likiisha linafunguliwa la juu yake. Jumapili uliuliza kiti kimoja, ukapewa cha fungu la chini. Jumatatu uliuliza viwili kwa pamoja. Kama kwenye fungu la 168,000 kimebaki kimoja tu, mashine haikuuzii kimoja kwa bei ya chini na cha pili kwa bei ya juu. Inawapandisha wote wawili kwenye fungu lenye nafasi mbili. Ni sawa na wewe kwenda kwa muuza vitenge amebakiwa na doti moja ya bei ya zamani, ukamwambia nipe mbili zinazofanana, naye akakutolea zote mbili kwenye bando jipya.

Sasa fanya jaribio. Tafuta tena mtu mmoja, tarehe ile ile. Ikija 168,000, mkatie mama peke yake. Halafu wewe na mtoto mkate tiketi ya pili kwa 214,000. Umeokoa 46,000, hiyo ni karibu nauli ya basi ya mtu mmoja. Nilikuwa nawafanyia wateja hivyo kila Desemba na wengine walidhani nina mjomba kwenye shirika. Ubaya wake ni mmoja: mnakuwa safari mbili tofauti kwenye mashine, kwa hiyo ndege ikibadilishwa saa inabidi ufuatilie zote mbili. Ukishalipa, piga simu kwenye shirika uwaombe waandike kwamba mnasafiri pamoja. Na mtoto lazima awe kwenye tiketi yako wewe, asiwe kwenye ya bibi yake.

Mtoto. Hapa ndipo watu wengi wanachomwa. Aliye chini ya miaka 2 anapakatwa na kwa kawaida analipiwa kama asilimia 10 ya nauli ya mkubwa. Akishatimiza 2 anatakiwa kiti chake, na nauli yake inakaribia ya mkubwa. Wanachoangalia ni umri wake siku ya kusafiri. Siku uliyonunua haihesabiki. Kwa hiyo kama unafikiria kurudi na ndege tarehe 4 au 5 Januari, huyo wako atakuwa ameshakuwa bwana mkubwa. Rudini kabla ya tarehe 3. Beba cheti chake cha kuzaliwa, usiseme "anaonekana mdogo".

Tarehe. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Desemba watu wa Dar wanapanda huku kwetu: Tukuyu, Njombe, Iringa, Makete, wote wanarudi nyumbani kula Krismasi. Wewe unashuka. Unakwenda kinyume na mto, na kinyume cha mto ndiko kwenye viti vitupu. Ndiyo maana hiyo Jumatano ya 17 ulipata bei ya kushangaza. Lakini harusi ikiisha Jumamosi ukasema unarudi Jumatatu tarehe 22, umejitumbukiza katikati ya mafuriko ya wanaopanda, iwe basi au ndege. Hapo wapiga debe wa Mbezi watakuchuna. Kaa kwa mdogo wako mpaka tarehe 29 au 30. Siku hizo wanaopanda wameshafika, na wanaoshuka hawajaanza kushuka. Najua una kibanda, lakini piga hesabu: wiki hiyo ya Krismasi mpaka mwaka mpya ni nani analeta nguo kushona? Zote zilishashonwa.

Basi nalo lisidharauliwe. Nauli kikomo za LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa mabasi, zilizoanza Desemba 2023 zilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita daraja la kawaida na 67.84 daraja la kati. Mbeya–Dar ni kama kilomita 830, kwa hiyo unapata kama 40,000 na 56,000. Hizo ndizo za kumwonyesha wakala akianza kukwambia habari za "msimu". Kata tiketi kwenye mfumo wenyewe wa kampuni, utaona ramani ya viti, chagua cha mbele upande wa pili wa dereva, mama apate pa kunyoosha goti. Usikubali kiti cha juu ya tairi. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena tangu 1 Oktoba 2023 na yana baridi nzuri, ila mimi mtu mwenye goti bovu simpandishi usiku, maana akihitaji kushuka kujinyoosha hakuna pa maana pa kushukia.

Kijana wa Mafinga, nakuheshimu, lakini Msamvu na stesheni ya SGR haviko mlango kwa mlango. Bibi, mtoto, magauni 6 na ndoo ya maparachichi, washuke, watafute bajaji, wapande tena? Hiyo ni safari ya kijana mwenye begi la mgongoni. TAZARA sawa, kama mama anaipenda na hamna haraka, lakini uwe na siku za akiba na upite stesheni mwenyewe kuuliza ratiba ya wiki hiyo. Harusi haisubiri treni.

Mahesabu yangu: kwenda kwa ndege, 168,000 + 214,000 + kama 20,000 za mtoto, inakuja 402,000. Kurudi basi la mchana watu wawili, tuseme 100,000 mpaka 112,000, mtoto umempakata. Hapo uko kwenye 514,000 ukizidi sana. Iliyobaki ni ya kufika Songwe, maana uwanja uko zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini, na wewe unatokea Uyole, upande wa pili kabisa. Watu wanasahau hiyo, wananunua tiketi ya bei chee halafu wanakodi taksi alfajiri kwa bei ya kufa mtu. Ongea na mtu wa bajaji siku mbili kabla.

Mchele usiupeleke kwenye ndege. Soma kwenye tiketi umepewa kilo ngapi. Ukizidisha, kila kilo inalipiwa, na mchele wa Kyela utageuka kuwa mchele wa dhahabu. Utume kwa basi tarehe 15, uandike jina na simu ya mpokeaji kwa kalamu nzito, upewe risiti, upokelewe Mbezi. Ndizi na maparachichi vivyo hivyo.

Malipo: ukimaliza kujaza watakupa namba ya kulipia kwa simu. Namba hiyo ina muda wake, ukilala nayo nafasi inaachiwa. Kabla hujathibitisha, soma jina linalotokea. Liwe la shirika, lisiwe la mtu. Na tovuti za nje zinazolinganisha bei, tumia kwa kuangalia tu, kununua nunua kwa shirika lenyewe, maana zile zinauza kwa dola na siku ukitaka kubadilisha tarehe utaongea na mtu aliye bara lingine. Majina yaandike kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi.

Halafu wakati wa kukata omba kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama. Hakilipiwi. Usione aibu.

---

Kijana wa Mafinga

Sawa mzee, Msamvu nimeifuta. Ila tembo nimewaacha palepale.

---

Fundi wa Mwanjelwa

Ndaga fijo nyote. Shikamoo Mama Njombe, pole sana kwa yaliyokukuta. Yule kijana wa ofa nilimwomba herufi sita, akasema "dada mbona huniamini", kisha akatoka kwenye kundi. Wenzangu wawili walikuwa wameshaanza kuchanga.

Kaka wa Ipogolo, nimefanya kama ulivyosema. Mtu mmoja ilikuja 168,000 kweli! Mikono ilitetemeka. Nimemkatia mama kwanza, halafu mimi na mtoto 214,000, mtoto 21,400. Nimewapigia, wameandika kwamba tuko pamoja na kiti cha magurudumu kimeombwa. Kurudi ni basi la mchana la tarehe 30, viti vya mbele, nitakata mwezi ujao nikimaliza oda za mahafali.

Shida sasa ni mama. Alikuwa amekubali, jana akasikia bei. Anasema 168,000 ni ndama, hawezi kukalia ndama kwa saa moja na kidogo. Nimemwambia tiketi imeshalipwa kwa jina lake na hairudishwi, ndiyo ameanza kuuliza avae nini. Anauliza pia kama chupa ya uji wa mtoto inapita.

Magauni nitayabeba mkononi, buti siliamini. Nimeyakunja kwenye begi dogo pamoja na vifaa vyangu, maana najua siku ya harusi lazima mtu atakuwa ameongezeka kiuno.

---

Mnyalukolo wa Ipogolo

Uji wa mtoto hupita, wataukagua tu. Mwambie mama avae viatu vya kuvua haraka.

Ila hapo kwenye "vifaa vyangu" nimeshtuka. Kama kuna mkasi wa kukatia kitambaa, utoe humo sasa hivi uweke kwenye begi kubwa linaloingia chini ya ndege. Pale kwenye ukaguzi wanauchukua na hawakurudishii. Niliwahi kumwona fundi mwenzako analia Songwe kwa ajili ya mkasi, siyo kwa ajili ya nauli.

---

Fundi wa Mwanjelwa

Yesu wangu. Ulikuwemo. Na ni ule wa marehemu baba. Nimeshautoa.