Wembe wa babu: mpini nimeuweza, kutu inanisumbua

Ndugu zangu, naomba ushauri. Babu aliniachia wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, umechongwa jina Solingen, mji wa Ujerumani unaotengeneza visu na nyembe, karibu na mkia. Umekaa miaka sandukuni hapa Kadutu, na mpini wake wa seluloidi, ile plastiki ya zamani, ukapasuka. Kumbe seluloidi ikioza hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma! Kutu imeota palepale ubapa ulipolala ndani ya mpini. Mkia ni safi kabisa.

Mpini ule nimeutupa. Nimechonga vibao viwili vya muvula, unene milimita 3, na pini nimezikata kwenye waya wa shaba. Kibao cha kwanza kilipasuka nikikitoboa, nikalala na hasira. Sasa nafunga vyote viwili pamoja, natoboa kwa mara moja, matundu yanalingana.

Shida ni ubapa. Nimesugua kwa msasa 600, halafu 1000, pamoja na mafuta. Wekundu umeisha, lakini vimebaki vishimo vyeusi, kimoja kama milimita 2 tu kutoka kwenye makali. Niendelee kusugua au nikiache? Jirani mnoa mapanga anataka aupitishe kwenye mashine yake. Nimekataa, naogopa joto litaua ugumu wa chuma.

Na kwa mvua hizi za Bukavu, mbao niipake verni au mafuta ya kitani? Aliyewahi kufanya aniambie, pini bado sijazigonga.