Waliowahi kuumia mkono wa juu, kiganja kikagoma kunyanyuka: tupeane uzoefu

Mzee wa Kona: Leo stendi nimeona kijana kiganja kinaning'inia, yangu yote yakarudi. Bodaboda ilinibwaga Mbezi, mfupa kati ya bega na kiwiko ukakatika. Nesi ananiambia "nyanyua kiganja", nanyanyua kichwani mwangu, chenyewe kimetulia tuli. Kumbe mshipa wa fahamu unapita nyuma ya ule mfupa umeuzunguka, nao umeumia. Nikafungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali. Mwezi wa 4 ndipo kikaanza kunyanyuka. Wenzangu?

Kibonge Mwepesi: Miezi 4 una bahati. Mimi 7.

Chaga Mpole: Sikuvunjika popote. Nililala baa, mkono nimeupitisha juu ya egemeo la kiti. Alfajiri kiganja mfu. Wife akasema nimerogwa na mchepuko. Wiki 6 kikarudi chenyewe.

Dada Msema Kweli: Huo si ugonjwa, hiyo ni risiti 😂

Fundi Viungo: Mshipa wa fahamu ukiota upya huenda kama milimita 1 kwa siku. Sentimita 12 ni miezi 4, pigeni hesabu. Vidole vinyooshwe kila siku visikakamae.

Kibonge Mwepesi: Na mafuta ya kondoo, maji ya moto.

Fundi Viungo: Maji ya moto HAPANA. Ngozi iliyokufa ganzi inaungua hujui.

Mama Pili: Nimesoma nikashindwa kunyamaza. Mwanangu alikuwa na miaka 6, akaanguka mwembeni, akavunjika juu kidogo ya kiwiko. Jirani akatupeleka kwa fundi wa mifupa. Akapanga vijiti vya mianzi, akazungushia kitambaa, akavuta. Usiku kucha mtoto analia, nikigusa kidole kukinyoosha anapiga yowe. Nampigia fundi, anasema mwache, mfupa unaunga. Asubuhi vidole vyeupe, baridi kama samaki wa barafuni. Hospitali daktari akashika kifundo, akahamisha vidole vyake, akashika tena. Mapigo hakuna. Akaniuliza tangu saa ngapi. Misuli ikikosa damu kwa muda wa saa 6 inaanza kufa, sisi zilishapita 14. Mkono haukukatwa. Vidole vimejikunja kama vya kuku, yuko darasa la 5, anaandika kwa kushoto.

Dada Msema Kweli: Pole sana mama 😭

Mjukuu wa Babu: Msiwasakame mafundi wote. Babu yangu kaunga mifupa ya kijiji kizima.

Chaga Mpole: Babu alikuwa anapima mapigo ya kifundo?

Mjukuu wa Babu: Wewe wa kiti cha baa ndiye wa kuuliza?

Kibonge Mwepesi: Hogo la hospitali nalo likibana ni yaleyale. Mdogo wangu alifungwa Ijumaa, vidole vikavimba, akaambiwa arudi Jumatatu. Tuliliroweka kwenye beseni tukalichana wenyewe.

Fundi Viungo: Mlitakiwa kurudi usiku uleule, mkomae mlangoni.

Mzee wa Kona: Mama Pili, huyo fundi aliwahi kuja kumwona mtoto?

Mama Pili: Alikuja. Na kuku.