Wakuu, tunatoka Moshi tunataka kuzunguka visiwa kwa mashua ya tanga, Pasaka inafaa?

MangiKibosho:
Habari za jioni wakuu. Tuko marafiki sita, wanne tuko Moshi mjini wawili wako Arusha pale Njiro, tumesoma wote sekondari na kila mwaka tunafanya safari moja ya begi mgongoni. Tumeshapanda mlima mpaka Uhuru, Meru tumepanda, Usambara tumetembea kwa miguu kutoka Lushoto mpaka Mtae. Mwaka huu tukasema milima imetosha twende baharini. Mpango ni basi mpaka Dar, boti mpaka Unguja, pale Nungwi tukodi mashua ya tanga itupeleke Pemba, tupige hema kisiwa cha Misali siku mbili, af tuvuke na mashua hiyo hiyo mpaka Tanga tupande basi turudi zetu. Siku nane. Bajeti laki tano kila mtu ukitoa nauli ya basi.

Tunawaza Pasaka sababu ile sikukuu inatuongezea siku za likizo. Desemba kwangu haiwezekani kabisa, mnajua Moshi ikifika Desemba, ndugu wote wanapanda kutoka Dar na mimi ndio kitinda mimba, nyumba ya wazee iko mikononi mwangu, siwezi kukosekana mbuzi anachinjwa.

Naomba kujua bahari ya Pasaka ikoje na mashua ya namna hiyo mtu anaipataje. Na niseme ukweli, kati yetu sita wanne hatujui kuogelea.

BahariaPangani:
Mdogo wangu, mimi nimezaliwa Pangani, nimekula chumvi miaka kumi na tisa kabla sijaja Arusha kwenye kazi za gereji, kwa hiyo hii isome taratibu.

Pasaka achaneni nayo. Huo ni wakati wa masika, upepo wa kaskazi umeshachoka na ule wa kusi ndio unaingia, leo shwari tanga linaning'inia kama shuka kwenye kamba, kesho mvua na upepo wa ghafla unatoka usikotegemea. Vimbunga kwetu ni nadra ila vikija vinapenda miezi hiyo hiyo, Hidaya ilipofika Mafia ilikuwa Mei 2024.

Pili njia yenu mmeipanga kinyumenyume. Kaskazi inavuma toka kaskazini mashariki, tuseme mwisho wa Novemba mpaka Machi. Kusi inatoka kusini, Mei mpaka Septemba. Sasa mkitoka Nungwi kwenda Pemba kwenye kaskazi upepo unawapiga usoni, nahodha itabidi abishe, yani anakwenda upande huu, anageuza foromali, ule mti unaobeba tanga, anakwenda upande ule, kutwa nzima mnazunguka na kisiwa mnakiona palepale, na nyie hamjazoea mtatapika mpaka nyongo. Mkienda na kusi upepo uko mgongoni sawa, lakini bahari ya Juni na Julai imechafuka, hata wenyeji wengi wanavuta vyombo juu. Anayetaka kutembea Pemba na Unguja kwa tanga apande boti kubwa la abiria mpaka bandari ya Mkoani kule Pemba kwanza, af ndio ashuke na kaskazi kurudi kusini. Na hapo pia asijisahau, mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, kaskazi inaupunguza nguvu tu, upepo ukilala unarudishwa ulikotoka.

Ile Pemba kwenda Tanga ndio sitaki hata kuisikia. Ule mkondo kina chake ni mamia ya mita, hakuna kisiwa cha kujificha katikati, mawimbi yanakuja marefu. Mashua ndogo, watu wanne hawajui kuogelea? Mngekuwa wanangu nisingewaruhusu.

MpembaNgarenaro:
Asalaam aleikum. Baharia kasema kweli tupu. Sisi watu wa Pemba hatuna mzaha na maji yale. Septemba 2011 Spice Islander ilizama usiku ikitoka Unguja kuja Pemba, ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake, na ile ni meli, si mashua. Mwezi Julai 2012 ikafuata meli ya Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe, mwezi wa kusi kali. Hayo si ya kuwatisha, ni ili mjue kwa nini mzee wa kwetu akiangalia mbingu akasema leo hatutoki, hatutoki, na pesa yako anakurudishia.

Misali nendeni lakini kwa siku moja, mnatoka Wesha hapo karibu na Chake asubuhi, jioni mmerudi. Ni eneo la hifadhi ndugu yangu, usifike na hema kichwani bila kuomba ruhusa, na wavuvi wana heshima yao pale. Halafu mkimaliza ingieni msitu wa Ngezi, nyie watu wa milima mtaupenda. Angalieni na kalenda, mkiangukia mwezi wa Ramadhani mchana Pemba hupati mgahawa, na mtu mgeni kula njiani haipendezi.

DadaSakina:
Mimi niko Sakina Arusha, naomba niwape njia nyingine kabisa, Mafia. Sisi tulienda wadada watano miaka mitatu iliyopita na mpaka leo tunaizungumzia. Dar mnashika barabara ya Kilwa, Bungu hivi mnachepuka kushoto mpaka Nyamisati, pale mnapanda boti mpaka Kilindoni. Alafu mnakwenda Utende, pale kuna geti la hifadhi ya bahari, hifadhi ipo toka 1995, beba kitambulisho cha NIDA sababu Mtanzania halipi sawa na mgeni.

Uzuri wake kaka ni kwamba kile ghuba cha Chole kimezungukwa na visiwa, Chole, Juani, Jibondo, kwa hiyo mnapata raha yote ya tanga bila bahari kuu. Chole kuna popo wakubwa wanalala mchana juu ya miti, sauti zao unazisikia toka mbali. Juani kuna magofu ya Kua, mji mzima umemezwa na mibuyu na mizizi, nilikaa pale nikanyamaza tu. Jibondo ni mafundi wa vyombo, unakuta jahazi limepandishwa ufukweni watu wanalikalafati, yani wanaziba mianya ya mbao kwa pamba na mafuta. Na Oktoba mpaka Machi papa potwe wanakuja karibu na Kilindoni kabisa, samaki mkubwa kama daladala ila anakula vidudu vidogo vya majini, hamgusi mtu na wewe usimguse.

Ila niwaambie na kosa letu. Siku ya tatu tulichukua mashua ya bei nafuu, tuko watu nane na jaketi za kuokolea zipo nne, tukanyamaza sababu tulishalipa. Maji yakapwa tuko kwenye fungu la mchanga, chombo kikakaa chini, tukakaa kwenye jua kali masaa sita tukisubiri maji yajae, maji ya kunywa yakaisha saa nane mchana, mwenzetu mmoja akaanza kuishiwa nguvu. Alipona. Lakini mimi siku hizi jaketi zisipotimia idadi ya watu sipandi, hata nahodha awe mjomba wangu.

MangiKibosho:
Dada asante sana, baharia shikamoo, kaka wa Pemba asante. Nimewasomea wenzangu wote kwenye grupu. Tumekubaliana Pasaka tumeiacha, na kuvuka kwenda Tanga tumeacha. Januari kila mtu ana ada za watoto hana kitu. Februari je? Na mashua nzuri nitaijuaje mimi mtu wa Kibosho?

BahariaPangani:
Marahaba mdogo wangu. Februari mmepatia, kaskazi bado ipo na haina hasira ya Januari, na hao papa wa dada yenu bado wapo.

Mashua usiikodi jioni ya kuamkia safari, fika siku moja kabla uiangalie ikiwa juu ya mchanga. Pitisha mkono kwenye maungio ya mbao, kalafati ikiwa inatoka nje nje achana nayo. Angalia ndani maji yamejaa kiasi gani toka asubuhi. Iwe na mashine hata kama mnakwenda kwa tanga, na nanga yenye kamba ndefu. Muulize cheti cha ukaguzi, bara wanaohusika ni TASAC. Jaketi mhesabu wenyewe na mzivae, sio za kukalia. Utabiri wa hali ya hewa wa TMA usome asubuhi yenyewe, na nahodha akisita wewe usimbembeleze.

Lile la dada kukwama lilikuwa suala la mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndio bamvua, maji yanapanda na kushuka hata mita tatu na zaidi, fungu ulilopita asubuhi mchana ni kiwanja cha mpira. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayaendi mbali. Nyie wageni pangeni siku za mashua ziangukie maji mafu.

Mabegi msiyaamini. Nguo, simu na dawa tia kwenye ndoo za rangi za lita ishirini zenye mfuniko. Maji ya kunywa lita nne kwa mtu kwa siku, na moja ya ziada ambayo haiguswi.

MwalimuSoweto:
Niongeze kimoja tu, hao wanne. Mna miezi ya kutosha, nendeni chemchemi ya Chemka kule Boma kila Jumamosi, maji matulivu na yanaonekana mpaka chini. Sio mjue kushindana, mjue kulala chali mkaelea dakika kumi bila kuhangaika, huko baharini chumvi itawasaidia zaidi. Mimi nimefundisha wanafunzi wengi hapo, mtu mzima mwoga anachukua wiki nne au tano.

MangiKibosho:
Mwalimu tumekuelewa. Wawili wamekubali kuanza Jumamosi hii, mmoja bado anabisha anasema jaketi inatosha, nimemwambia asipoelea Chemka hapandi na sisi. Tunakutana Boma saa tatu asubuhi.