Naomba ushauri: kikapu cha nondo cha karibu mita 3, ni sanaa au bango?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Iringa mjini. Kwa miezi minne nimesuka kikapu cha nondo za milimita 6, mfano wa vile vya nyasi za milulu wanavyosuka mama zetu wa Kihehe, ila hiki kina mita 3 kasoro kidogo. Ukingo nimeurudia mara mbili, maana mama mmoja msukaji alikikagua akaniambia, "Mwanangu, hapa umeruka mstari." Kweli, nilikuwa nimeruka.

Nilikipeleka kwa waandaaji wa maonyesho, wakakikataa. Wanasema ni bango la kuuzia vikapu, na kukuza kitu cha kila siku si sanaa. Nikawaonyesha picha ya sanamu ya kibanio cha nguo cha msanii Claes Oldenburg, kilichosimama Philadelphia, Marekani, tangu 1976, kirefu zaidi ya mita 13. Wakajibu kwamba huyo ana jina. Iliniuma sana. Mtu akisimama kando ya kikapu changu jua la asubuhi likipenya kwenye nondo, kivuli cha msuko kinamwangukia mabegani. Cha sokoni hakimfanyii mtu hivyo.

Naombeni mnisaidie. Je, ukubwa unatosha kukifanya sanaa, au kuna kitu nimekosa? Na nikiwaandikia tena, niegemee ufundi au maana yake? Kwa sasa kipo uani, mvua zinakaribia na sijakipiga rangi.