Tupeane uzoefu: hoteli ya kifahari mji wa pwani nje ya nchi, uliichagua kwa kuangalia nini?

Mangi wa Rau: Wakuu habari za jioni. Wazazi wetu wanatimiza miaka 40 ya ndoa mwezi wa tisa, sisi watoto wanne tumechanga tuwapeleke siku nne hoteli ya nyota tano nje ya nchi, pwani. Baba hajawahi kupita Taveta, hapo Kenya ukivuka tu mpaka, alikuwa anaishia sokoni pale anageuza. Mama goti linamsumbua. Dada anataka Dubai, mdogo wetu anataka Cape Town, mimi naona Mombasa inatosha. Jana nimekaa na simu mpaka saa saba usiku naangalia picha, zote zina bwawa la bluu na taulo zimekunjwa kama bata, mimi siwezi kutofautisha. Mliotangulia mlichaguaje? Msinipe majina ya kutajataja tu, nipeni mlichokutana nacho.

Chalii wa Sakina: Kwani Zanzibar imefungwa?

Mangi wa Rau: Zanzibar siyo nje ya nchi. Mama anataka muhuri kwenye pasipoti, amelisema hilo mwenyewe.

Chalii wa Sakina: Basi mpigie muhuri mpakani Namanga umrudishe nyumbani, hela mnunue ng'ombe.

Mama Nai, Arusha: Mangi dada yako mwambie asubiri kwanza. Mimi Dubai naenda kuchukua mzigo miaka sasa, mtaa wa Deira naujua kama Soko Kuu, vyumba vya bei ya kawaida, ukitoka mlangoni uko sokoni. Mwaka juzi mume wangu akasema safari hii hulali Deira, akanibukia hoteli ya nyota tano Palm Jumeirah, ile ardhi waliyoimwaga baharini ikawa na umbo la mnazi. Ni pazuri, sitadanganya. Lakini kutoka pale mpaka Deira ni kilomita 30 hivi, metro haiingii kule, ile treni ya juu inapita kwenye shina la mnazi na sisi tulikuwa mbali nayo, kwa hiyo kila kitu teksi. Halafu ilikuwa mwezi wa nane. Jamani mwezi wa nane Dubai joto linapita 40, mchanga unaunguza mguu, nimelipia ufukwe siku tatu nimeukanyaga mara moja tu saa kumi na mbili asubuhi. Bahari yenyewe ilikuwa ya moto kama maji ya kuogea mtoto. Na mwezi wa tisa bado hapajapoa, wazee watakaa ndani ya kiyoyozi wanaangalia bahari kupitia kioo.

Kingine ni dipoziti. Chumba kimeshalipiwa, mapokezi wananiambia weka kadi tuzuie hela ya tahadhari. Nikatoa kadi yangu ya benki ya kawaida, wakakata, na ile ndiyo hela niliyoitegemea kwa mzigo. Imerudi baada ya wiki tatu. Nimelia kwenye kile chumba kizuri. Na siku ya kutoka wanakudai kodi ya utalii, nyota tano ni dirham 20 kwa chumba kwa usiku mmoja, siyo kubwa ila uijue kabla.

Kisiki: Hapo kwenye dipoziti umenigusa mama.

Babu Dogo: Huo ni wizi wa mchana kweupe.

Dawati la Njiro: Siyo wizi kaka. Mimi kazi yangu ni kupokea buking hapa Arusha, ni mwaka wa kumi na moja huu. Ile hela haijaenda hotelini, imezuiliwa benki, mgeni akitoka bila deni hoteli inaachia, kinachochelewesha ni benki na benki. Hoteli nyingi kubwa duniani zinafanya hivyo, na za kwetu zipo zinazofanya. Ukiwa na kadi ya mkopo huumii, ukiwa na kadi ya kawaida ni hela yako halisi inayokaa gizani. Uliza kwa barua pepe kabla hujalipa: mnazuia kiasi gani, na mnapokea taslimu?

Babu Dogo: Hela yangu nikiinyoosha mkono nisiipate, wewe iite kizuizi, mimi nitaiita wizi.

Dawati la Njiro: Sawa mzee wangu, shikamoo.

Babu Dogo: Marahaba. Bado ni wizi.

Guide wa Marangu: Cape Town nimefika, mteja niliyempandisha mlima alinialika, akaniweka hoteli ya Camps Bay, balkoni inatazama bahari na nyuma milima imesimama. Viza hatuhitaji kule, muhuri tu. Nilienda Desemba, jua linazama karibu saa mbili usiku, nikashangaa sana. Sasa asubuhi nikakimbilia maji, mimi mtu wa kulala Kibo kwenye baridi, nikasema nini kitanishinda. Yale maji yalinikata pumzi. Upande ule ni Atlantiki, kuna mkondo wa baridi unapanda kutoka kusini, hata kiangazi watu wanaota jua tu mchangani. Ukitaka kuogelea nenda upande wa Muizenberg, kuna afadhali. Na upepo wa kiangazi kule unafunga hadi gari la kamba la Table Mountain, tulirudishwa mara mbili. Mwezi wa tisa ndiyo kwanza baridi inaisha, kwa goti la mama mimi ningesema hapana.

Chalii wa Sakina: Kwa hiyo Dubai wataungua, Cape Town wataganda. Nilisema ng'ombe mimi.

Mama Eriki wa Machame: Jamani mmenikumbusha kitu ambacho sijawahi kukiandika popote, mniwie radhi kitakuwa kirefu.

Miaka mitatu nyuma, Desemba, nilimpeleka mama yangu Mombasa, upande wa kaskazini, hoteli ya nyota tano, marumaru mpaka chooni. Mama alikuwa na miaka 68, bahari hajawahi kuiona, maisha yake ni migomba na ng'ombe wawili. Ile hoteli niliichagua kwa picha moja tu, bwawa limeungana na bahari huoni mpaka. Kumbe picha ilipigwa maji yamejaa. Tumefika saa tano asubuhi maji yamekupwa, bahari haipo, ni mchanga na mawe na majani mpaka kule mbali kwenye mwamba mawimbi yanakovunjikia. Mama akaniuliza, hii ndiyo yenyewe? Niliumia, nikifikiria hela niliyotoa.

Kesho yake nikamwacha chini ya mnazi nikaenda kukandwa mgongo, saa moja na nusu tu. Narudi, kiti kitupu. Kandambili zake ziko mchangani, zimepangwa pamoja zimetazama bahari, vilevile anavyozipanga mlangoni kwake. Nikaita, nikaenda chumbani, nikarudi, mlinzi ananiambia bibi alitoka na kijana anayeonyesha wageni viti vya pweza kule kwenye mwamba. Na yule kijana namuona amerudi, yuko na wazungu wengine! Anasema bibi alikataa kurudi, alikuwa anaokota makombe ya baharini ya wajukuu.

Sasa msiojua bahari nisikilizeni. Maji yakijaa hayakujii usoni ukayaona. Yanaingia kwanza kwenye lile bonde la katikati, nyuma yako, kati ya mwamba na ufukwe, wewe umesimama pakavu unaokota vitu unajiona uko salama na njia ya kurudi imeshazama. Na ilikuwa mwezi mpevu, bamvua, maji yanapanda mita tatu na zaidi kwa masaa sita. Nilimuona kitu kidogo cha rangi ya njano, ni kitenge chake. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Hoteli hawakuwa na boti, walikuwa na filimbi.

Aliyemtoa ni mzee mmoja mvuvi na ngalawa yake, alikuwa anapita zake. Alimkuta juu ya jiwe maji yanampiga mapajani, ameshika upindo wa kitenge umejaa makombe, hakuuachia hata alipovutwa. Kufika nchi kavu mama anamwambia yule mzee aika, aika, aika, yaani asante, mzee hajui Kichaga anaitikia tu "haya bibi, haya bibi". Halafu akanigeukia akasema taratibu, mwanangu leo bamvua, hamkuambiwa? Hatukuambiwa. Hakuna ubao, hakuna karatasi chumbani, na mapokezi wakaniambia wageni huwa tunawaonya.

Kisiki: Mungu wangu.

Mama Nai, Arusha: Nimesoma mikono inatetemeka. Pole mama Eriki.

Ticha Soweto: Pole, ila niseme ukweli, mzazi wa miaka 68 mgeni wa bahari unamwachaje peke yake ukakandwe?

Mama Nai, Arusha: Ticha hayo ya nini sasa? Alimwacha hotelini penye walinzi, siyo porini.

Ticha Soweto: Nimeuliza tu.

Guide wa Marangu: Hapana Ticha, wewe umehukumu. Mlimani mgeni akipotea tunaulizwa sisi, haulizwi mwanawe. Aliyechukua mtu kumpeleka kwenye mwamba ndiye wa kumrudisha.

Mama Eriki wa Machame: Mwacheni Ticha, nimeshajiuliza hilo swali usiku mwingi kuliko yeye.

Ticha Soweto: Nisamehe dada. Mama yupo?

Mama Eriki wa Machame: Yupo, mzima kabisa. Makombe ameyapanga dirishani jikoni na ananiuliza tunarudi lini.

Mzawa wa Likoni, sasa niko Moshi: Huyo mzee wa ngalawa amesema kweli. Mangi, usichague hoteli kabla hujaangalia mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanakupwa mbali sana na yanarudi kwa nguvu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali, wazee watakaa na bahari karibu mchana kutwa. Na mwezi wa tisa ni kuzuri, upepo wa kusi unakwisha, masika imeshapita zamani. Mkienda Diani, upande wa kusini, uliza kama hoteli inakuchukua kwa barabara ya Dongo Kundu au mnapanga foleni ya feri Likoni, maana feri na goti bovu haviendani.

Babu Dogo: Feri mbona ni burudani tu.

Mzawa wa Likoni, sasa niko Moshi: Babu feri ya saa kumi na moja jioni unaijua kweli wewe?

Dawati la Njiro: Mangi kwa Mombasa nakuongezea. Uliza bei ya wakazi wa Afrika Mashariki, hoteli nyingi za Kenya wanayo na hawakuambii usipouliza, utaonyesha pasipoti mkifika. Uliza chumba kiko ghorofa ya ngapi na lifti ipo, hoteli nyingine za pwani zimetawanya vyumba bustanini, kutoka kitandani mpaka kwenye chai ni ngazi arobaini. Haya usiyaulize kwa ujumbe wa kompyuta, piga simu uongee na mtu. Anayejibu "yes yes" kwa kila kitu, kata. Na kadi za chanjo ya homa ya manjano msisahau.

Chalii wa Sakina: Naondoa neno langu la ng'ombe. Mpeleke mama.

Mangi wa Rau: Nimerudi wakuu, asanteni sana. Leo nimepiga simu hoteli tatu za Mombasa nikauliza swali moja, wiki ya tarehe kumi na mbili maji yanakupwa saa ngapi. Ya kwanza wakaniambia bahari yetu ipo muda wote. Ya pili wakaniunganisha na mauzo. Ya tatu alipokea dada mmoja akasema subiri kaka, nikasikia anafungua karatasi, akanisomea saa za siku zote nne, akaongeza wiki hiyo mwezi ni nusu, na kuna kijana wa hoteli anasimama na wageni wanaoenda mwambani. Sikumuuliza hilo la kijana, alilitoa mwenyewe. Chumba ni cha chini, hakuna ngazi, dipoziti wanapokea taslimu. Ni ghali kuliko zile mbili na nimeshalipia nusu.

Mama Eriki, nimemsomea mama habari yako yote. Alinyamaza, halafu akauliza yale makombe yalikuwa ya aina gani.

Mama Eriki wa Machame: Mwambie ni yale madogo ya madoa, kauri. Na nipe namba yake, mama yangu anataka kuongea naye.